Steringi Niliyemzika Nangwa

Mimi sijui kukaa. Mama anasema nilizaliwa njiani kabla hajafika zahanati, na tangu siku hiyo sijatulia. Hata sasa ninapoandika haya nimeshanyanyuka mara tatu: kufunga dirisha, kulifungua tena, kutafuta kalamu ambayo nimeishika mkononi. Kwa hiyo msinidai mpangilio mzuri. Nitasema tu kilichotokea. Nilimzika kaka yangu akiwa hai, nikaondoka nchini, nikamwacha kaburini miaka tisa.

Jamani, msishtuke, ilikuwa filamu. Lakini subirini kwanza kabla hamjacheka.

Sisi ni watu wa Nangwa. Baba alikuwa dereva wa mashine ya kuvuna ngano kwenye mashamba makubwa ya serikali, na mashine ile ilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu. Halafu mambo yakageuka. Kila kilichokuwa cha serikali kikawa kinauzwa au kinafungwa, na baba akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Alirudi na ovaroli ya bluu na miwani ya kuchomelea. Ovaroli akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mama aliifua kila Jumamosi, akaianika, akaikunja, akairudisha msumarini, na hakuna aliyeivaa.

Mimi nilipomaliza shule nilipata kazi Katesh kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mzee ambaye kwao ni Kondoa. Nyuma ya duka lake alikuwa na banda la video: deki, televisheni, jenereta na mabenchi. Baadaye akanunua kamera ya kupigia harusi, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, basi akanifundisha mimi. Nikawa nazunguka na kamera ile kwenye harusi na kipaimara, hadi Balangdalalu, hadi Dongobesh. Ndio wakati ule mkoa ulipogawanywa, tukalala watu wa Arusha tukaamka watu wa Manyara. Dukani watu walibishana wiki nzima kama bei ya sukari nayo itabadilika.

Filamu zote za banda zilitoka ng'ambo, na zilizojaza watu kuliko zote ni zile za mashujaa wanaoruka angani na nguo za kubana. Siku moja ya mnada mama mmoja muuza vitunguu alitoka bandani akifuta jasho, akasema, "Hawa wanaookoa dunia, mbona hawajawahi kuokoa hata debe la mahindi huku kwetu?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikasirika, sijui hata kwa nini. Nikamwambia, "Mama, mnada wa mwezi ujao utamwona wa kwetu."

Mwe! Mdomo huu.

Nilirudi nyumbani nikatoa ovaroli msumarini bila kumwomba baba. Nikachukua na ile miwani, na kipande cha turubai la kufunikia ngano, nikakishona kiwe joho la mgongoni. Kaka yangu, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, alikuwa mrefu, mpole, mtu wa kusema "sawa" kabla hujamaliza kuuliza. Nikamvalisha. Tukampa jina la Mwamba wa Hanang. Nguvu zake zilitoka kwenye mlima wetu huo, na ukungu ukifunika kilele, nguvu zinaisha. Hilo lilitusaidia sana, kwa sababu asubuhi nyingi mlima ulikuwa haueleweki, na kila mara hali ya hewa ilipotuharibia kazi tulisema ndivyo hadithi inavyotaka.

Katika sehemu ya kwanza Mwamba alisimamisha kwa mkono mmoja lori lililoiba ngano ya wanakijiji. Lori lenyewe lilikuwa bovu, kwa hiyo kulisimamisha haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kulisukuma. Kuruka angani tulikutengeneza kwa mashine moja mbovu iliyoachwa shambani. Kaka alilala kifudifudi juu yake, mikono mbele, turubai likipigwa na upepo, nami nikalala chini majanini nikipiga picha kuelekea juu ili yaonekane mawingu tu. Alipiga chafya mara nne.

Mnada ulipofika banda lilijaa mpaka watu wakachungulia kwenye nyufa za mbao. Tukatengeneza sehemu ya pili. Kaka akawa hawezi kuvuka barabara Katesh. "Mwamba! Mwamba!" Mara soda, mara chapati, mara wazee wanamwita wamwone vizuri. Mimi nikiwa nyuma yake na begi la kamera, mwanamke mmoja akaniuliza, "Na wewe ndiye unayembebea mizigo?"

Nitasema ukweli kwa sababu uongo umenichosha: nilimwonea wivu. Mawazo yalikuwa yangu, kamera ilikuwa mikononi mwangu, nguo niliishona mimi, na uso uliopendwa ulikuwa wake. Na yeye, kwa upole wake ule unaotia hasira, alikuwa akikata chapati ya kupewa na kunipa nusu kubwa.

Wakati huohuo Mzungu mmoja aliyewahi kufanya kazi na baba shambani alinitafutia nafasi ya kwenda Kanada kusomea kazi ya kutunza wazee. Karatasi zikakamilika. Nikamwambia kaka kwamba sehemu ya tatu Mwamba anakufa.

"Steringi hafi," akasema. Kila mtu Katesh alijua hivyo kuhusu shujaa wa filamu. Adui anakufa, rafiki wa steringi anakufa, steringi hafi.

"Huyu wetu atakufa."

"Halafu?"

"Sehemu ya nne unafufuka."

"Tutaipiga lini?"

"Kabla sijaondoka," nikasema, huku tiketi ikiwa tayari ndani ya Biblia ya mama.

Kaburi tulilichimba mwisho wa shamba letu, karibu na minyaa. Lilikuwa kaburi la kweli kwa urefu na kwa kina, maana mimi nikifanya kitu sifanyi nusu. Mama alikataa kuja. Alisimama mlangoni akasema tu, "Mwanangu, kifo hakichezewi," akaingia ndani. Shangazi na majirani wanane wakakubali kulia. Mwanzo walilia vibaya, wanachekana chini ya kanga. Nikawafokea, Mungu anisamehe: "Mnalia kama mnamenya vitunguu! Lieni kama mmefiwa!"

Sasa, mmoja wao alikuwa amempoteza mtoto mwaka uleule. Yeye ndiye aliyeanza. Sauti yake ilipotoka, wengine wote wakanyamaza, halafu wakamfuata, na haikuwa tena filamu. Nilisema "basi" mara ya kwanza, mara ya pili, hakuna aliyenisikia. Kilio kile kilivuka kilima. Nami badala ya kuweka kamera chini niliendelea kupiga, maana kilikuwa kizuri mno.

Haikupita saa moja watu wakaanza kuteremka kutoka upande wa Gehandu, kijiji cha pili. Wanaume na majembe, wanawake na vibuyu vya maziwa, unga, mizigo ya kuni kichwani. Walikuwa wamesikia msiba, wakaacha kazi zao wakaja, kama tunavyofanya sote. Mzee mmoja, mkubwa kuliko babu yangu, akasogea ukingoni akiegemea fimbo. Akachungulia. Kaka alikuwa amelala kule chini na ovaroli yake, macho yamefumbwa, nami nilikuwa nimemwonya asitikisike hata akiumwa na siafu.

Lakini kaka ni kaka. Aliposikia kikohozi cha mzee juu yake, akafumbua macho, akaona ni nani, akakaa wima mle kaburini akasema, "Shikamoo, babu."

Loo! Vibuyu vilianguka. Mama mmoja alikimbia na kuni zake kichwani mpaka kwenye minyaa. Mzee yule peke yake hakukimbia, ila hakuitikia marahaba. Na hilo lilikuwa baya kuliko wote waliokimbia.

Walipoelewa kwamba ni sinema, hakuna aliyecheka. Chakula cha msiba hakirudi nyumbani, kwa hiyo unga ulisongwa, maziwa yakanywewa, na kaka yangu akala kwenye msiba wake mwenyewe, pembeni, kwenye gogo, hakuna aliyekaa naye. Kisha wazee wakasema kaburi lililokwisha kufunguliwa na kuliliwa halifukiwi tupu. Wakang'oa mgomba, wakauvisha ovaroli ya baba, wakauzika. Baba alisimama akaangalia nguo yake ikiingia ardhini.

"Wewe uliyemweka humo," yule mzee akaniambia, "ndiye utakayemtoa. Si mwingine."

"Ndiyo, babu. Sehemu ya nne," nikajibu, na nikatabasamu. Mpaka leo tabasamu lile linaniwasha usoni. Wiki tatu baadaye nilikuwa ndani ya ndege, na sehemu ya tatu ilikuwa ikionyeshwa Katesh kila mnada.

Kanada nilihama chumba mara sita kwa miaka mitatu ya kwanza. Chumba kilikuwa kizuri, joto lipo, nami nafungasha. Nilibadilisha njia za kwenda kazini, nikabadilisha kanisa, nikasuka nywele nikafumua siku hiyohiyo. Kwenye fomu waliuliza nilikozaliwa. Pasi ya kusafiria ilisema Arusha, mimi nilizoea kusema Manyara, mwenzangu kazini akaniuliza kama nimehama mkoa nikasema hapana, mkoa ndio ulionihama. Kila nilipoingia chumba cha mzee wa kumwogesha, magoti yangu yalijikunja kidogo na mdomo ukatafuta shikamoo, halafu nikakumbuka kwamba hakuna wa kuitikia.

Kaka alinipigia mwaka wa pili. Alikuwa amempata msichana wa Gehandu, wamependana, lakini wazee wa kule wamekataa. "Wanasema mtu aliyekwisha kuliliwa hawawezi kumpa binti. Walikuja na maziwa yao, wakalia, sasa wanaogopa kumlaza mtoto wao na marehemu."

"Ushamba tu huo!" nikamwambia. "Tafuta mwingine." Nikamuuliza kuhusu mvua.

"Sawa, mdogo wangu," akasema.

Yule msichana aliolewa kwingine. Kaka hakuwahi kulitaja tena, na mimi sikuwahi kuuliza.

Sasa sikilizeni mambo ya Mungu. Mji niliokuwa nakaa ulikuwa unapigiwa filamu za mashujaa, mfululizo mzima, sehemu baada ya sehemu, na walihitaji watu wa kujazia barabarani. Nikajiandikisha kwa siku zangu za mapumziko. Siku ya kwanza tulikimbia jengo linaloanguka ambalo halikuwepo. Tulikimbia mara kumi na saba. Hakuna aliyeniuliza jina. Nilikuwa "wewe wa koti jekundu, usogee kushoto". Ndipo nilipojua jinsi ilivyo kuwa mtu ambaye picha haimhitaji. Nilijichekea peke yangu: mwongozaji wa Mwamba wa Hanang, anakimbizwa na hewa.

Msimu uliofuata steringi wao akafa. Wakatupeleka kwenye makaburi ya kutengeneza, mvua inamwagwa kwa mabomba kutoka juu ya gari, nyasi za plastiki, na shimo moja la kweli. Tukaambiwa tusimame na huzuni. Wakati wa kupumzika nilimwona steringi mwenyewe amekaa ukingoni mwa kaburi lake, miguu inaning'inia ndani, anakunywa kahawa. Nikatafuta uso wa mtu mwenye hofu, hata mmoja. Hakuna. Nikamfuata fundi mmoja mwenye sepetu nikamuuliza, "Mkimaliza mnazika nini humu?"

"Hatuziki kitu. Tunafukia tu."

"Tupu?"

Akaniangalia kama mgonjwa. "Tupu."

Nilirudi mahali pangu kwenye mstari, nikashindwa kusimama. Miguu ilikuwa ikicheza yenyewe. Mwongozaji akasema tuanze, mvua ikafunguliwa, waigizaji wakubwa wakaanza kulia kwa adabu, leso mkononi. Na mimi nikaona ovaroli ya bluu. Nikamwona kaka kwenye gogo na sahani yake. Mkono wangu ukaingia mfukoni mwa koti, nilikuwa nimebaki na ndizi ya chakula cha mchana, nikapita katikati ya waombolezaji wa watu, mbele ya kamera tatu, nikaitupa kaburini.

Walisimamisha kila kitu. Mvua ikazimwa. Mtu akashuka shimoni kuitoa ndizi na kuishika kwa vidole viwili, wote wakiitazama. Waliniuliza kwa nini. Nilisema, "Kwetu kaburi halifukiwi tupu," wakanionyesha njia ya kutokea. Nikatoka nikilia kwa sauti mtaani, kilio chenyewe, kile cha Nangwa, watu wananipisha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulia tangu niondoke, na nilijisikia kama mtu aliyekutwa na ndugu zake stendi.

Nikampigia kaka palepale.

"Unaongea na marehemu," akasema. Huo ndio ulikuwa mzaha wake, miaka yote.

"Kaka, umeoa?"

"Kuna mwalimu, wa Balangdalalu. Baba yake si mtu mbaya. Amesema suala la kaburi lile liishe kwanza." Akakohoa. "Sikukuambia, maana utasema ushamba."

Mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi nilichuma nikamwachia yeye peke yake ale. Nikamwambia nakuja. Akasema sawa.

Nilifika wakati wa kiangazi. Barabara ya Katesh ilikuwa na lami, mzee wa Kondoa alikuwa amefariki, na banda lake la video limekuwa duka la simu. Baba aliniitikia marahaba akaniuliza kama nimeshakula. Nyuma ya mlango msumari ulikuwepo bado, mtupu. Na mwisho wa shamba, loo, mgomba ule walikuwa wameuzika na mizizi yake, ukachipua. Lilikuwa kundi zima la migomba, na mikungu inaivia juu inaozea pale, hakuna anayekula.

Baba wa mwalimu alikuja kutoka Balangdalalu siku tuliyopanga, lakini alikataa kusogea kwenye kaburi la mtu aliye hai. Akakaa ndani na mama. "Fanyeni mambo yenu," akasema. "Nitaona hiyo sinema ikiisha." Yule mzee wa fimbo hakuwepo tena duniani, ila agizo lake lilikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyenishikia jembe. Niliikata migomba mwenyewe. Nikachimba mwenyewe, mikono iliyozoea sabuni za Kanada ikatoka malengelenge kabla ya saa nne. Majirani walisimama mbali kidogo. Shangazi alikuwepo. Na yule mama aliyempoteza mtoto alikuwepo, nikamwomba msamaha mbele ya wote, akasema, "Chimba, mwanangu."

Nilipofika kiunoni jembe likagusa kitu. Ovaroli ilikuwa imeoza. Nilichopata ni zipu yake na vifungo viwili vya chuma. Nikavishika, nikashindwa kuendelea. Nikamwita kaka, aliyekuwa juu na simu yangu, anapiga picha kama nilivyomfundisha.

"Nipe simu," nikasema. "Shuka sasa, ulale, halafu uinuke. Tumalize."

Hakunipa. Katika maisha yake yote sijawahi kumsikia akikataa kitu.

"Mimi silali humo tena," akasema. "Sikuwahi kufa, mdogo wangu. Nilikuwa hapa hapa, nalima. Aliyeondoka ni wewe." Akaendelea kupiga picha kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akauteremsha kwangu. "Toka humo."

Nikaushika. Nilikuwa mzito, ardhi inamomonyoka, aliteleza mara mbili na bado hakuiachia simu. Nilitoka kwa magoti, udongo mpaka kwenye nyusi, na shangazi akapiga kigelegele, na wengine wakapokea. Hiyo ndiyo sehemu ya nne. Haifiki dakika mbili, na steringi haonekani, unaonekana mkono wake tu.

Tukampelekea mgeni simu mezani. Aliiangalia mpaka mwisho. "Rudisha pale kwenye mkono," akasema. Kaka akarudisha. Mzee akausogeza uso karibu, akautazama mkono ule na mishipa yake, halafu akauangalia mkono wa kaka ulioshika simu. Akatikisa kichwa kukubali, akavuta bakuli la maziwa ambalo tangu asubuhi hakuligusa, akanywa.

"Na huyu mchafu anayevutwa ni nani?"

"Ni mdogo wangu," kaka akasema. "Alikuwa amepotea, huko Kanada."

"Mmempata lini?"

"Leo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, vifungo viwili vya baba bado kiganjani. Nikasogea, nikainama, nikamwambia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nenda kanawe, tule."